Mikwaruzo ya Kununua

Hebu nikuulize. Umeingia dukani kununua friji. Muuzaji anakuonyesha mawili, yote yametoka kiwandani juzi. La kwanza linang'aa. La pili mlango umechubuka, kona imebonyea, na bawaba zina kutu. Unauliza bei ukitegemea hili la pili litakuwa la kutupa, muuzaji anakujibu kwamba hilo ndilo ghali. Si utamwuliza kama ameamka salama?

Basi kwenye magita ya umeme biashara hiyo ipo, tena kubwa tu, na mimi mhasibu wa watu, mama wa watoto wawili, mwenye nyumba isiyokwisha kule Goba, ni mteja wake. Nimelipia mikwaruzo kwa hela yangu mwenyewe. Risiti ninayo.

Mume wangu ni injinia wa maji kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi anapiga gita la solo kwenye bendi ya watu watano inayozunguka kwenye maharusi na sendofu. Hawako redioni. Ni watu wenye kazi zao, wanagawana hela ya mafuta na sahani ya pilau, wanarudi nyumbani saa nane za usiku wakiwa na furaha kama wamelipwa mamilioni. Nilimkuta na gita na nikampenda na gita, kwa hiyo hilo sikuwahi kulifanya ugomvi. Ugomvi ulikuja na gita jipya.

Mwaka 2019 alinunua gita jeusi linalong'aa hadi ukijitazama unaona kama hereni zimekaa sawa. Jamani, lile gita lilitunzwa! Alikuwa anavua saa na mkanda wa suruali kabla ya kulishika. Ile nailoni nyembamba ya kiwandani iliyobandikwa kwenye bamba la plastiki hakuitoa mwaka mzima, kama wale wanaoacha nailoni kwenye rimoti ya televisheni mpaka namba hazionekani. Akimaliza kupiga analifuta kwa kitambaa cha miwani, analirudisha kwenye boksi lake, anafunga. Mgeni akiliomba, anacheka kidogo halafu anabadilisha mazungumzo.

Tusimcheke sana. Nani kati yetu hajalelewa kwenye nyumba yenye sofa za kukaliwa na wageni tu? Kwetu kulikuwa na kabati la vioo, ndani yake seti ya sahani zenye maua ya dhahabu. Tuliosha zile sahani kila Pasaka na kila Krismasi. Sikumbuki kula kwenye hata moja. Mtu akinunua gari, miezi mitatu ya kwanza hapumui kwenye foleni, kila bodaboda inayopita pembeni ni adui yake. Tunanunua kitu ili tukitumie, halafu tunageuka walinzi wake, na kazi ya ulinzi haina mapumziko.

Siku moja ya mwaka 2022, boksi likiwa wazi sebuleni, kijana wetu mdogo, miaka 3 wakati huo, aliamua kuendesha kigari chake cha bati juu ya lile gita. Barabara nyeusi nzuri namna ile, ungemlaumu? Mkwaruzo wenyewe ulikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Alichosema baba yake hakikuwa tusi. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, ila lilitoka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, na mtoto akaganda na kigari mkononi.

Baba alijutia dakika ile ile. Aliomba msamaha, akabeba mtoto, akanunua vigari vingine viwili. Lakini mtoto wa miaka 3 haelewi hotuba. Alichoelewa ni kwamba ile pembe ya sebule ni mahali pa hatari. Akawa anapita nyuma ya sofa kwenda chumbani. Wiki ikapita, mwezi ukapita, kijana anapita nyuma ya sofa. Mwisho mume wangu hakuweza kuvumilia kumwona, akaliuza gita. Mnunuzi, kijana mmoja anayepiga kanisani, aliuona ule mkwaruzo akakata shilingi 150,000 kwenye bei. Ishike hiyo namba, mkwaruzo mmoja ulipunguza laki na nusu.

Miaka miwili iliyofuata alipiga kwa magita ya kuazima, halafu akaanza kukosa mazoezi, halafu akaanza kukaa na simu hadi usiku. Wewe unayeishi na mtu anayepiga chombo unajua: akiacha, nyumba inabaki na ukimya ambao huwezi kuulalamikia, kwa sababu hakuna kosa lililofanyika.

Septemba 2024 kazini walinipeleka London kwa mafunzo ya miezi mitatu. Posho ilikuwa nzuri na nilikuwa nakula chakula cha kupika mwenyewe, kwa hiyo kulikuwa na akiba. Desemba tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Nikamwuliza anataka nini. Akanitumia jina la gita, na chini yake akaandika: lile lililochakazwa kiwandani. Nikadhani simu imemwandikia vibaya.

Sisi tuna utaratibu wetu, na kama ninyi hamna nawashauri muwe nao: chochote kinachozidi laki mbili kinajadiliwa na wawili, hata kama hela ni ya mmoja. Kwa hiyo tukajadili, usiku mara tatu kwenye simu. Mimi nilikuwa na hoja zangu. Marumaru za bafuni. Nondo. Na nilitaka kujua kwa nini mtu mzima alipie uchakavu ambao hakuuchakaa yeye. Kwangu ile ilikuwa sawa na kununua albamu ya picha za harusi ya watu wengine. Alinyamaza kidogo, akasema: "Nataka gita ambalo hakuna mtu wa nyumba hii anaweza kuliharibu."

Sikumjibu usiku ule. Ila kesho yake nilianza kusoma habari za haya magita, maana mhasibu hanunui kitu asichokielewa.

Kumbe mzizi wa mambo yote ni rangi. Miaka ya 1950 na 1960 magita mengi ya Marekani yalipakwa rangi ya nitroselulosi, ya jamii moja na rangi za magari za enzi hizo. Leo Fender, aliyekuwa na kiwanda Fullerton, California, alichukua baadhi ya rangi zake moja kwa moja kwenye orodha za DuPont, wale wale waliokuwa wanauzia viwanda vya magari. Rangi hiyo ni nyembamba. Inageuka manjano kwa miaka, inaliwa na jasho, na baridi na joto vikipishana ghafla inapasuka nyufa nyembamba kama za yai la kuchemsha. Baadaye viwanda vingi vikahamia kwenye rangi ngumu za poliesta na poliurethani. Hizo ni kama koti la plastiki. Ukilipiga gita hilo miaka 30 linaweza kubaki linang'aa vile vile. Sasa ona binadamu tulivyo: tulipofanikiwa kutengeneza rangi isiyozeeka, tukaanza kuwalipa watu waizeeshe.

Mwaka 1995 kitengo cha kazi maalumu cha Fender, kinachoitwa Custom Shop, kilianza kuuza magita mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi, kikayaita Relic. Kazi ya kuyazeesha ilifanywa miaka ya mwanzo na fundi mmoja wa Missouri, Vince Cunetto. Wanasugua kwa msasa pale mkono wa mpigaji unapolala, wanachubua mgongo pale chuma cha mkanda kinapogonga, wanazipitisha skrubu na vyuma kwenye mvuke wa asidi vifubae, wanapuliza hewa ya baridi kali rangi ipasuke. Watu walilipa. Mwaka 2009 Fender wakatoa toleo la bei nafuu lililotengenezwa Mexico, Road Worn. Gibson nao mwaka 2021 wakafungua Murphy Lab, chini ya fundi Tom Murphy, na huko uchakavu una viwango vinne, kuanzia mwepesi kabisa hadi mzito kabisa. Unachagua kama unavyochagua pilipili kwenye mishikaki.

Na wanaiga nini? Wanaiga watu kama Rory Gallagher wa Ireland. Huyu alinunua Stratocaster ya mwaka 1961 akiwa kijana mdogo mwaka 1963, mjini Cork, kwa paundi 100, kwa kulipa kidogo kidogo. Alilipiga hadi rangi ikabanduka karibu yote, na husemwa jasho lake lilichangia sana. Likabaki mti mtupu wenye mabaka. Gallagher alifariki Juni 1995, mwaka ule ule Relic zilipoingia sokoni, na baadaye Fender wakatengeneza nakala za gita lake, mabaka na yote. Mimi nikiwa London, tarehe 17 Oktoba 2024, gita lenyewe liliuzwa kwenye mnada wa Bonhams kwa paundi 889,400, na wanunuzi wakasema linakwenda Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Piga hesabu hiyo halafu umkumbuke yule kijana wa kanisani na laki na nusu yake.

Jumamosi moja nikaenda Denmark Street, mtaa mfupi karibu na kituo cha Tottenham Court Road, maduka ya magita yamepangana. Rolling Stones walirekodi albamu yao ya kwanza kwenye studio ndogo ya mtaa huo mwaka 1964. Mimi niliingia na koti zito na daftari, nikiwa mwanamke peke yangu mle ndani, na nikauliza swali langu kama lilivyo: kwa nini lililoharibika ni ghali kuliko zima?

Muuzaji, baba mmoja mwenye ndevu za kijivu, hakucheka. Alichukua gita jipya la bluu linalong'aa akanipa. Nikalishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine, mikono imekakamaa. Akalichukua, akanipa la pili: rangi ya manjano iliyopauka, bega limebanduka hadi mbao inaonekana, vyuma vimefubaa, shingo imesuguliwa hadi inateleza kama mwiko wa zamani. Nikalipakata bila kufikiri. Hakuongeza neno. Alisimama tu akinitazama mikono.

Kwa haki niseme na upande wa pili, maana nilimwuliza pia. Wapo wapigaji wanaoyadharau magita haya kabisa, wanasema ni uongo mtupu, makovu ya vita ambayo mwenyewe hakupigana. Na yapo mengine pale dukani yalinichekesha: yamechubuliwa mno, kama jinzi zile za kuchanika zinazouzwa zikiwa na goti nje. Kuna moja lilikuwa la zaidi ya paundi 4,000 na lilionekana limevutwa na bodaboda kutoka Mbezi hadi Posta. Hilo hapana. Nilichukua lile la manjano, limetengenezwa Mexico, bei paundi elfu moja na ushee. Gita la kawaida la kiwanda hicho hicho, lisilo na mikwaruzo, lilikuwa chini yake kwa zaidi ya paundi mia. Kwa hiyo ndiyo, nimelipia.

Kabla sijaondoka muuzaji alinipa masharti, na haya nawaandikia wenye magita kama haya kwa sababu sikuwahi kuyasikia mjini kwetu. Usiliegemeze kwenye stendi ya mpira, rangi ya nitro inaungana na mpira na kuacha alama. Na dawa ya mbu ya kupaka mwilini, zile zenye kemikali ya DEET, inayeyusha rangi hiyo. Nawa mikono kwanza. Nikamwambia mimi ninakoishi kuna mbu kila jioni na jasho mwaka mzima. Akatabasamu, akasema basi litazeeka vizuri.

Uwanja wa ndege wa Dar nusura linitie aibu. Ofisa wa forodha alifungua boksi, akatazama, akanionea huruma. "Mama, hili mtumba. Umelipata bei gani?" Nikasema jipya. Akatazama bega lililobanduka, akanitazama mimi. Njia ya mkato ilikuwa imelala pale mezani, hata kuombwa haikuombwa. Nikatoa risiti. Aliisoma mara mbili, akamwita mwenzake aje aone dada aliyepigwa London. Nililipa kilichotakiwa huku wakinipa pole.

Nyumbani maoni yalikuwa mengi. Mama yangu alilizunguka kimya kimya, kisha akasema: "Sisi tumehangaika maisha yetu yote kuficha viraka, ninyi mnavinunua." Sina jibu la mama hadi leo, na sidhani kama lipo. Kwa mtu aliyevaa nguo za dada zake wanne, uchakavu si urembo. Urembo wa kuchakaa ni wa mtu mwenye uhakika kwamba kipya anaweza kukipata. Hilo nalikubali, na bado gita liko sebuleni.

Fundi wetu wa rangi za magari pale Mwenge yeye alifurahi. Aliinusa ile rangi, akasema hii ni ya zamani, ya kukauka upesi, ukiimwagia thina inaondoka yote. Alikasirika tu kusikia kazi ya kuchubua ililipiwa. "Mngeniletea, ningelichubua kwa elfu thelathini. Tena kwa ustadi!"

Aliyenishangaza ni baba mkwe. Mzee alipiga gita la rizimu miaka ya 1970 kwenye bendi ya shirika moja la umma. Vijana wa leo huenda hawajui, bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, ikaja kuchukuliwa na DDC mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gita lilikuwa la ofisi, limeandikwa namba kama meza. Mzee alilichakaza gita moja kwa mkono wake miaka tisa. Siku bendi ilipokufa alilirudisha stoo, akasaini kitabu. Hana hata picha yake.

Alilipakata lile la manjano muda mrefu bila kulipiga. Akapitisha kidole gumba kwenye ubao wa shingo, pale walipoutia weusi wa kusuguliwa na vidole. "Huyu mtu wao," akasema, "alikuwa anakaa huku chini," na akaonyesha freti tatu za kwanza karibu na kichwa. "Huyu si wa kwetu. Solo yetu inakaa huku." Akapeleka mkono juu, freti ya 12 na kuendelea, mahali ambapo mbao ilikuwa safi kabisa, nyeupe, haijaguswa na mtu. Mume wangu aliinama kutazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilipenda kweli.

Kuhusu kijana wetu, nilikuwa na wasiwasi mno kuuandalia siku. Yaliyotokea yalichukua dakika mbili. Alikuja kwa nyuma ya sofa, kama kawaida yake, akasimama mbali. Miaka 5 sasa. Alitazama bega lililobanduka, akatazama mgongo, akauliza nani kaliharibu. Baba yake akamwambia lilikuja hivi hivi kutoka dukani. Mtoto akafikiri.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe."

Akakaa chini palepale akaanza kuhesabu mikwaruzo kwa sauti. Alifika 31, akapoteza hesabu, akaanza upya. Siku hizi analala kwenye zulia wakati baba anapiga, mguu mmoja umegusa gita, na boksi tumelihifadhi juu ya kabati lina nguo za baridi nilizorudi nazo.

Marumaru za bafuni tutanunua Desemba. Hilo nalo tumelijadili wawili, na tumekubaliana ziwe mpya, na zionekane mpya.